Wedelia: jinsi ya kuipanda Mwanza, na jinsi ya kuizuia isihamie kwa jirani

Kila vuli ikikaribia, simu yangu haipumziki. "Mama, yale majani yanayotambaa yenye maua ya njano unayo?" Ninayo. "Napandaje?" Namweleza. Miezi miwili baadaye: "Mama, mbona hayachanui?" Mwaka ukipita, mtu yuleyule anapiga tena, safari hii kwa heshima zote: "Shikamoo mama. Yameingia kwa jirani, nisaidie."

Nimechoka kurudia, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Kwenye kupanda sitachukua muda mrefu, maana aliyewahi kupanda viazi vitamu tayari anajua nusu ya kazi. Nitakusumbua zaidi kuhusu kukata, na kuhusu unachokifanya na ulichokata. Huko ndiko watu wengi wanakoharibu.

Uijue kwanza

Wedelia, ambayo wataalamu wa mimea huiita Sphagneticola trilobata, asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Hutambaa chini, urefu wake hauzidi sana sentimita 30, majani yake yanang'aa na mengi yana ncha tatu, na ua lake ni kama alizeti ndogo inayoenea kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Inavumilia jua kali, inavumilia udongo wa kichanga, na hata maji yakituama kidogo haifi.

Uvumilivu huohuo ndio ulioiponza. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ikiingia sehemu, hufunika ardhi yote na mimea mingine haipati nafasi ya kuota. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Gugu maji nalo lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na miaka ya 1990 mitumbwi ikawa inakwama mialoni.

Sasa, je, usiipande? Mimi naipanda na naiuza. Ila kuna sehemu siuzi, nitakuambia kwenye hatua ya kwanza.

Mahitaji

- Jembe, sululu kama kiwanja chako kina mawe (na Mwanza nani hana?), na reki
- Mkasi wa bustani au kisu chenye makali. Panga linafaa, fyekeo halifai kabisa
- Keni ya kumwagilia, au ndoo na kopo lililotobolewa matundu
- Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita mbili za mraba
- Tofali au mawe ya kuweka ukingo, na kokoto
- Viroba vizima, visivyo na matundu, kwa ajili ya mabaki
- Turubai kuukuu
- Vipandikizi. Hesabu yake iko hatua ya 4

Wakati mzuri ni mvua za vuli zikishaanza kueleweka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba, au mwanzoni mwa masika mwezi Machi. Ukipanda Julai utamwagilia mpaka uichukie.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali, na uwe tayari kukataa.

Wedelia inafaa kwenye mteremko ulio ndani ya uzio, kati ya mawe makubwa ambako ukoka haushiki, au kwenye kipande cha ardhi kilichozungukwa na sakafu, kama vile kati ya ukuta na njia ya gari. Hapo itakushikia udongo vizuri na mvua haitakuchimbia makorongo.

Haifai hapa: ukingoni mwa ziwa, kando ya Mto Mirongo au kijito chochote, kwenye chepechepe, pembeni mwa mtaro wa barabarani, wala mpakani na shamba la mtu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 tayari imetenga mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto, lakini mimi huangalia maji yanaelekea wapi kuliko ninavyopima kwa futi. Kiwanja kinaweza kuwa juu kabisa mlimani Bugando na bado kila tone la mvua likafika ziwani kabla hujamaliza chai.

Mteja akiniambia nyumba yake iko Luchelele na bustani inashuka mpaka majini, simuuzii. Namshauri apande nyasi ya vetiva kwa ajili ya mmomonyoko, maana hukaa shina moja mahali pake, na nafasi iliyobaki aache ukoka. Wengine hununa. Hununua kwa mwingine, najua.

2. Weka ukingo kabla ya kupanda, usingoje baada.

Chimba mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 20 kuzunguka eneo, simamisha tofali au panga mawe, yainuke sentimita 10 juu ya ardhi. Kisha, upande wa nje wa ukingo, acha mkanda mtupu wenye upana wa sentimita 40 na uumwagie kokoto.

Watu huweka tofali, huacha mkanda. Wanadhani ukingo unazuia. Hauzuii. Wedelia hutambaa juu ya ardhi, na tofali ya sentimita 10 ni ngazi tu kwake. Kazi ya ukingo ni kukuonyesha mpaka uko wapi, na kazi ya kokoto ni kukuonyesha nani kavuka. Shina la kijani likilala juu ya kokoto nyeupe utaliona hata ukiwa unapita na ndoo kichwani.

3. Safisha eneo kama unajiandaa kupanda mboga.

Ng'oa ndago na ukoka mpaka chini. Wedelia ikishafunga hutaweza kupalilia ndani yake, na ndago itachungulia juu ya maua yako miaka nenda rudi. Lima kina cha sentimita 15, changanya samadi, sawazisha kwa reki. Udongo wa luseni, ule wa mchanga wa milimani, uongezee samadi. Udongo mweusi wa mbuga uinue kidogo kwa tuta pana ili maji yasitwame.

4. Kata vipandikizi.

Chukua shina moja ulitazame kwa karibu kabla hujakata. Kila penye jozi ya majani pana pingili, na kwenye pingili, hasa upande uliolalia udongo, utaona vinundu vyeupe vidogo kama meno ya mtoto yanayotaka kutoka. Hiyo ni mizizi, inangoja udongo tu. Kila pingili ni mche mzima. Likumbuke hilo tukifika hatua ya 8.

Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na pingili tatu au nne, mkato uwe chini kidogo ya pingili. Ondoa maua na majani ya chini. Chagua mashina yaliyokomaa kiasi: ncha changa hunyauka, na mashina makuukuu ya kahawia huchelewa.

Kwa nafasi ya sentimita 30, mita moja ya mraba inakula vipande 11. Bustani ya mita 5 kwa 4 itahitaji kama 220, ambavyo utavipata kwenye mashina 45 hivi yenye urefu wa mita moja. Usinunue zaidi. Vikibaki watu huvitupa popote, na hapo ndipo kesi huanzia.

Ukisafirisha, funga kwenye kiroba kilicholoanishwa, kifungwe mdomo. Nimeona bodaboda ikitoka Buhongwa mpaka Igoma na mzigo wa wedelia ukiwa wazi nyuma, vipande vinadondoka kila kwenye tuta la barabara. Nikajisemea, huyu leo kapanda jiji zima.

5. Panda kama marando ya viazi vitamu.

Kweli, hakuna tofauti kubwa. Chimba kishimo cha kulaza, ingiza kipande kikiwa kimeinama, pingili mbili ziwe chini ya udongo na majani machache yabaki juu. Kandamiza kwa kiganja. Kwenye mteremko panda kwa mtindo wa pembetatu, mche wa mstari wa chini ukae katikati ya miwili ya juu, ili maji yakishuka yagonge mche kila mahali. Na kwenye mteremko mkali sogeza nafasi iwe sentimita 20.

Panda jioni, au siku yenye mawingu.

6. Mwagilia.

Siku 10 za mwanzo, kila siku, asubuhi au jioni, kama mvua haijanyesha. Baada ya hapo kila siku ya tatu mpaka itimie miezi miwili tangu kupanda. Ukiona majani mapya yanang'aa, imeshika. Baada ya hapo mwachie Mungu, na kiangazi uipe maji mara moja kwa wiki kama unataka maua.

7. Palilia wiki nane za kwanza.

Kwa mkono, usitumie jembe. Jembe litakata mashina machanga. Kwa mvua nzuri, ndani ya miezi mitatu hadi minne ardhi itakuwa imefunikwa na palizi itakuwa imekwisha.

8. Punguza kwa ratiba, isiwe kwa hisia.

Wakati wa mvua, mara moja kila wiki mbili kagua mkanda wa kokoto, na mara moja kwa mwezi punguza eneo lote. Kiangazi, kila wiki sita hadi nane inatosha. Kamata shina kwa mkono wa kushoto, kata kwa wa kulia, weka kwenye kiroba. Mkono, mkasi, kiroba. Usikate ukaacha chini uje kuokota baadaye.

Fyekeo nimelikataa tangu mwanzo na sababu ndiyo hii: linarusha. Kijana akipiga fyekeo kwa nguvu, vipande huruka mita tatu, nne, vinavuka uzio, kila kimoja na pingili zake. Mashine ya kukatia nyasi ndiyo mbaya kabisa.

9. Ua mabaki kabla hayajatoka kwako.

Hii hatua ndiyo iliyonifanya niandike.

Niliwahi kupanda wedelia kwenye mteremko wa nyumba moja Isamilo. Kazi ilipendeza, nikalipwa, nikasahau. Kijana aliyekuwa akiipunguza alikuwa akisukumia mabaki mtaroni ili mvua iyachukue, na kosa lilikuwa langu, maana sikumwambia neno. Masika yaliyofuata nilikuwa nashuka kwa miguu barabara hiyo, nikaona ua la njano kwenye ufa wa mtaro. Nyumba mbili chini, lingine. Nikalifuata mpaka kwenye kalavati, na pale chini palikuwa pamelala mkeka mzima, umekaa juu ya mchanga uliokusanywa na maji, umechanua kama uko harusini. Tuling'oa siku tatu, watu wawili, viroba 19. Sikumdai mtu chochote. Ningemdai nani?

Tangu siku hiyo mabaki yangu yanafanyiwa hivi. Kiangazi, yanamwagwa juu ya jiwe. Mwanza tumejaliwa mawe, na jiwe la saa saba mchana halina mzaha. Tandaza nyembamba, juu ya jiwe tupu lisilo na udongo kwenye nyufa, yageuze kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili au tatu chukua shina ulivunje. Likikatika kwa mlio kama kijiti, limekufa, litumie kama matandazo. Likipinda, bado lina uhai, lirudishe juani.

Usiye na jiwe, tandika turubai kwenye sakafu. Wakati wa mvua, fungia mabaki kwenye kiroba kigumu, kaza mdomo, kiweke juani juu ya sakafu na kisifunguliwe miezi miwili, mpaka ndani pawe ujiuji mweusi unaonuka. Harufu yake, nakuonya, si ya kukaribisha wageni.

Usiyatupe mtaroni. Usiyapeleke dampo yakiwa mabichi. Usiyaweke kwenye shimo la mboji, kwa sababu mboji nyingi za nyumbani hazipati joto la kutosha na utapata bustani ya wedelia juu ya mboji yako. Na jirani akiomba mbegu, mpe pamoja na maelezo haya yote, au usimpe.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuipanda chini ya mwembe uliofunga, halafu kuniuliza maua yako wapi. Kuichanganya na maua mengine kwenye kitalu kimoja: baada ya msimu mmoja utabaki na wedelia peke yake, hayo mengine yatakuwa historia. Kuiacha ipande juu ya mfuniko wa karo, mpaka siku gari la kunyonya linakuja na hakuna anayejua mfuniko uko wapi. Na kuhama nyumba bila kumwambia mpangaji mpya kwamba kuna ratiba.

Ikisumbua

*Haichanui.* Kivuli, mara nyingi. Inahitaji jua angalau nusu siku. Kama jua lipo, basi umeilisha kupita kiasi. Ukimwaga urea itakupa majani makubwa mazuri na maua mawili. Acha mbolea msimu mzima, punguza, subiri.

*Majani yamekuwa ya njano.* Kwenye udongo wa mbuga, angalia kama maji yametuama, ufungue njia yatoke. Kwenye luseni ni njaa. Nyunyiza samadi laini baada ya kupunguza.

*Katikati pamebaki vijiti vitupu, majani yako pembeni tu.* Imezeeka, imejilalia yenyewe. Mwanzoni mwa mvua kata yote ibaki sentimita 10, toa mabaki, mwagia samadi. Itaonekana kama umeiua. Wiki tatu tu, itarudi.

*Nyoka.* Naulizwa sana, na wala si swali la woga. Kitu chochote kinachofunga ardhi kinaweza kuficha panya, na panapo panya nyoka atapita. Iweke fupi, acha mita moja wazi kati yake na ukuta wa nyumba, na wakati wa kukata vaa gambuti, anza kwa kugonga gonga na fimbo.

*Imevuka kwa jirani.* Nenda leo, kabla hajaja yeye. Piga hodi, mwambie, "Jirani, samahani, majani yangu yamekuja kwako, naomba nije niyatoe." Ukichelewa, atakata kwa fyekeo na kuyatupa mtaroni, na mtakuwa na tatizo moja kubwa badala ya mawili madogo.

*Nimehamia nyumba imejaa wedelia mpaka uani, nataka kuimaliza.* Inawezekana, ila haiishi siku moja. Subiri siku baada ya mvua, ardhi ikiwa laini. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo anzia pembeni kuelekea katikati, ukikunja mashina kama unavyokunja mkeka, huku mwingine akifuata nyuma na jembe la uma kuinua yaliyokatikia ardhini. Vyote kwenye kiroba, kisha hatua ya 9. Dawa ya kuua magugu inasaidia kwenye eneo kubwa, lakini mara nyingi italazimu urudie. Fuata maelezo ya kwenye chupa, na kama maji ya uani kwako yanaingia mtaroni, iache kabisa, ung'oe kwa mkono.

Baada ya hapo rudi kila wiki mbili kwa miezi sita. Ukirudi usiangalie katikati, huko utakuwa umeshapasafisha. Inama uangalie chini ya bomba linalovuja, nyuma ya tangi la maji, na kwenye zile nyufa za mawe zilizokusanya udongo kidogo. Kipande ulichokiacha kipo hapo, na kina majani mawili tayari.